Bibi Titi Mohamed na heshima ya mwanamke katika siasa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Mama mmoja wa Kitangari, wilayani Newala, ametuletea swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa mistari miwili. Binti yake ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Kina mama wa kata yao wamemwomba agombee udiwani uchaguzi ukifika, kwa kuwa wanamjua kuwa ni mkweli na hatafuni cha watu. Habari zilipoenea tu, maneno yakaanza barazani na hata kwenye maghala ya korosho. Ilisemwa kwamba mwanamke anayetaka kusimama mbele ya wanaume ana lake jambo, na kwamba safari za vikao ni kisingizio. Mume wake akaanza kuchekwa na wenzake. Mama huyu anauliza mambo mawili. Je, amzuie binti yake ili kuinusuru heshima ya nyumba? Na je, hao wanaosema maneno hayo hawaguswi na sheria yoyote, si ya dini wala ya serikali?

Tumeona tumjibu kwa kusimulia maisha ya mwanamke wa Kiislamu ambaye jina lake wengi wetu tunalitaja kila tunapopita katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwa sababu limeandikwa kwenye kibao cha barabara, lakini ni wachache wanaokumbuka aliyoyapitia. Huyo ni marehemu Bibi Titi Mohamed, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alionja karibu kila aina ya adha ambayo mwanamke anaweza kuipata katika siasa. Aidha, alikutana na mkono wa sheria mara mbili: mara ya kwanza sheria ilikuwa kimya alipohitaji kulindwa, na mara ya pili ilisema kwa sauti kubwa alipotuhumiwa.

Kuzaliwa na malezi

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Wazazi wake walikuwa na asili ya Umatumbi, katika vilima vya nyuma ya Kilwa. Kwa ndugu zetu wa kusini jambo hili si dogo. Ni katika vilima hivyo ndiko Vita vya Majimaji vilikoanzia mwaka 1905, vikaenea hadi Masasi na kwingineko. Bibi Titi alizaliwa miaka 21 tu baada ya moto huo kuwaka, wakati wazee waliouona kwa macho yao walikuwa bado hai.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na kama wazee wengi wa wakati ule, hakupendelea binti yake apelekwe shule ya serikali. Hofu ya wazazi wa pwani ilikuwa kwamba mtoto angepotea dini yake. Baada ya baba kufariki, mama yake ndiye aliyechukua uamuzi wa kumpeleka shule, naye akasoma hadi darasa la nne. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 14, kwa mume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu, lakini Mwenyezi Mungu alimjaalia mtoto wa kike.

Kabla ya siasa, Bibi Titi alijulikana mjini kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Tusiharakishe kulidharau jambo hili. Vikundi hivyo vya kina mama wa Dar es Salaam havikuwa vya kucheza tu. Ndivyo vilivyochangishana wakati wa harusi na msiba, na wanachama wake walitoka makabila mbalimbali wakiunganishwa na lugha ya Kiswahili. Kiongozi wa kikundi cha namna hiyo alijua kuita watu na kusuluhisha ugomvi, na aliaminiwa na fedha za wenzake. Hizo ndizo kazi za kiongozi wa siasa, ila zilikuwa hazijapewa jina hilo.

Kadi namba 16

Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954. Bibi Titi na mumewe wa wakati huo, aliyekuwa dereva wa teksi, walijiunga mapema sana, na kadi ya Bibi Titi ilikuwa namba 16. Mwaka 1955 alifika nchini John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza. Aliona mkutano mkubwa wa wanaume, akawauliza viongozi iwapo chama kina sehemu ya wanawake. Wakajibu kwamba ipo. Alipotaka kumwona kiongozi wake, wazee wakatazamana, kwani wake zao walikuwa ndani majumbani. Ndipo akatafutwa Bibi Titi, akapelekwa mbele ya mgeni.

Inawezekana wanaume wale walitaka tu kuiokoa hali ya siku ile. Lakini waliyemwita hakuwa mtu wa kuitwa kwa siku moja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kwamba chama hiki kinadai nchi yetu na kwamba mwanamke naye ana nchi. Baada ya miezi michache alikuwa amewaandikisha wanawake zaidi ya 5,000. Pembeni yake walikuwapo wengine, akiwamo Bibi Tatu binti Mzee, ambao majina yao yanastahili kusomwa na watoto wetu.

Tangu hapo Bibi Titi akawa miongoni mwa wasemaji wakubwa wa TANU. Alisafiri na Mwalimu Julius Nyerere katika majimbo, akisimama jukwaani na kanga yake, akizungumza Kiswahili safi ambacho hata mkulima asiyejua kusoma alikielewa. Ikumbukwe kwamba wakati huo kura zenyewe zilifungwa kwa masharti ya kipato na elimu, ambayo wanawake wengi hawakuyafikia. Waliijaza mikutano, wakachanga fedha na kuuza kadi za chama, hali ya kuwa wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Gharama ya jukwaa

Hapa ndipo tunapomwomba mama wa Kitangari asome polepole. Maneno anayoyasikia leo kuhusu binti yake ni ya zamani sana. Wanawake waliokwenda kwenye mikutano ya TANU waliitwa wahuni na watu wasio na kazi nyumbani. Wapo walioficha kadi zao ili waume wasizione, na wapo waliopewa talaka. Msemaji wa kike aliposimama, baadhi ya watu hawakuuliza amesema nini. Waliuliza mumewe ni nani, na amemwachia nani watoto. Mwanamume aliyesafiri miezi miwili kwa ajili ya chama aliitwa shujaa, na mwanamke aliyesafiri naye katika msafara uleule akapewa jina jingine.

Bibi Titi hakusalimika na hayo. Maisha yake ya ndoa hayakubaki salama katika miaka ya misukosuko. Hatusemi kwamba kila mume aliyelalamika alikuwa dhalimu, kwani nyumba ina haki zake na mashauriano ni wajibu. Tunachosema ni kwamba maneno ya watu wa nje yamevunja nyumba ambazo wenyewe hawakuwa na ugomvi.

Katika yote hayo sheria ya mkoloni ilikuwa wapi? Ilikuwapo, na ilikuwa na meno. Iliweza kukifungia chama tawi lake na kumshitaki msemaji kwa uchochezi. Lakini mwanamke aliyetukanwa kwa sababu tu ya kusema mbele ya watu hakuwa na mlango wa kubisha. Jambo lake lilihesabiwa kuwa la nyumbani, la mume na mke, la wazee wa mtaa. Hilo ndilo fumbo la kwanza katika maisha haya: nchi iliyataka maneno ya mwanamke, ila haikuwa na sheria ya kumlinda anapoyasema.

Baada ya uhuru

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake. Alikuwa mbunge, na akashika wadhifa wa katibu wa bunge katika wizara ya maendeleo ya jamii, ambao ulikuwa sawa na unaibu waziri. Mwaka huohuo wa 1962 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuunda umoja wao wa bara zima, na mwenyeji wao alikuwa huyu aliyeishia darasa la nne.

Kisha mawimbi yakageuka. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa kiti chake cha Rufiji. Alikuwa pia miongoni mwa Waislamu walioshughulika na East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyojenga shule na misikiti katika Afrika Mashariki, ambayo ilipigwa marufuku nchini mwaka 1968 baada ya mgogoro mkubwa. Katikati ya hayo lilikuja Azimio la Arusha la Februari 1967. Azimio hilo lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi hakukubaliana na sharti hilo. Kwake nyumba ilikuwa kinga ya mwanamke asiye na mshahara wa uhakika wala elimu ya kumpatia kazi nyingine. Akajiuzulu nafasi zake za uongozi.

Msomaji anaweza kuliunga mkono Azimio au kulipinga, na wapo watu wema pande zote mbili. Lakini ni vyema kuona jambo moja. Hoja ya Bibi Titi ilitokana na maisha ya mwanamke aliyewahi kuachwa na kuanza upya. Sharti moja liliwekwa kwa viongozi wote, hali ya kuwa hawakuwa wote katika ngazi moja.

Kesi ya uhaini

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Nchi ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu ndani bila ya kumfikisha mahakamani. Mwaka 1970 yeye na wanaume sita walifikishwa mbele ya Mahakama Kuu wakishitakiwa kwa uhaini, yaani kula njama ya kuipindua serikali. Miongoni mwao alikuwamo Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri, na maofisa wa jeshi. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hiyo, Oscar Kambona, alikuwa uhamishoni Uingereza. Hii ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu nchi ijitawale.

Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, ndiye aliyeisikiliza. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha wapigania uhuru cha PAC cha Afrika Kusini, aliyeieleza mahakama kwamba alijifanya mshirika wa njama huku akiipasha serikali habari. Bibi Titi alikana mashitaka. Kesi iliendelea kwa miezi kadhaa, na mapema mwaka 1971 hukumu ikatolewa. Mshitakiwa mmoja aliachiwa huru, wengine wakapewa vifungo vya miaka, na wengine, akiwamo Bibi Titi, wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Hatukai hapa kuwa mahakama ya rufaa juu ya makaburi ya watu. Jaji alisikiliza mashahidi, na sisi hatukuwapo. Ni haki pia kusema kwamba washitakiwa walifikishwa mbele ya jaji hadharani na walikuwa na mawakili, jambo ambalo wengine waliowekwa kizuizini hawakulipata. Hata hivyo, tunapoyatazama maisha yake yote kwa pamoja, tunaona jambo la kuhuzunisha. Mwanamke huyu alitumikia siasa kwa miaka kumi na zaidi, akiyabeba matusi na kuvunjikiwa nyumba, na hakuna kifungu cha sheria kilichomgusa aliyemdhuru. Siku sheria ilipofungua kitabu chake juu ya jina lake, ilikuwa ni kumfunga maisha.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Alirudi katika mji ambao wengi wa marafiki zake wa zamani hawakutaka kuonekana mlangoni kwake. Chama alichokijenga hakikumtaja, na picha zake hazikuonekana tena katika historia iliyofundishwa. Adhabu hii haimo katika Kanuni ya Adhabu, lakini ni nzito kuliko nyingine nyingi, nayo ni ya kusahauliwa ukiwa hai.

Bibi Titi hakujibu kwa kulaani. Mwaka 1984 alikaa na Susan Geiger, mwanahistoria kutoka Marekani, akamsimulia maisha yake na ya wenzake, na masimulizi hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1997. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka thelathini ya uhuru, jina lake lilirudi katika gazeti la chama likitajwa pamoja na mashujaa. Alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Taifa likamlilia, na jina lake likabaki kwenye barabara kubwa ya Dar es Salaam. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mizani ya sheria

Sasa turudi kwenye swali la pili la mama yetu, kwamba je, hao hawaguswi na sheria? Tuanze na sheria ya nchi. Mwaka 1971, mwaka uleule ambao Bibi Titi alihukumiwa, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, na ndani yake ikawekwa wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzake. Mume anayemzuia mke asiende mkutanoni kwa fimbo, basi, hana pa kujificha tangu wakati huo. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, na mwaka 2007 Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo, mkubwa wa chama anayemdai mwanamke mwili wake ili jina lake lipitishwe ni mhalifu, na mahali pa kumshitakia ni Takukuru. Maneno ya matusi ya hadharani yanaguswa na Kanuni ya Adhabu, na yale ya kwenye simu na mitandao yanaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Upande wa viti, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliweka kwamba wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika. Na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani ambayo inakataza ukatili wa kijinsia katika kampeni na uchaguzi, na marekebisho ya sheria ya vyama yakavitaka viwe na sera ya jinsia. Tangu kadi namba 16 hadi hapo ni miaka 70.

Si sisi peke yetu tuliochelewa. Nchi ya kwanza duniani kutunga sheria maalumu juu ya dhulma dhidi ya wanawake katika siasa ilikuwa Bolivia, mwaka 2012, na haikuitunga mpaka diwani mwanamke, Juana Quispe, aliyekuwa amezuiliwa kukaa katika kiti alichochaguliwa, alipouawa Machi mwaka huo. Umoja wa Mabunge Duniani ulipowahoji wanawake 224 wa mabunge ya nchi 50 za Afrika, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, wanane katika kila kumi walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia, yaani matusi, vitisho na udhalilishaji.

Lakini sheria iliyo kwenye karatasi haitembei yenyewe kutoka Dodoma hadi Kitangari. Inahitaji mtu wa kushitaki, shahidi wa kusema alichokisikia, askari wa dawati la jinsia atakayeandika maelezo bila ya kucheka, na hakimu asiyeliona jambo hilo kuwa ni maneno ya wanawake tu. Mara nyingi mnyororo huu hukatika kwenye pete ya pili, pale ambapo watu kumi walisikia na wote kumi wanasema hawakusikia.

Ama sheria ya dini, haikungoja hata miaka michache. Katika Surat An-Nur, Mwenyezi Mungu ameweka kwamba anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi kuwa ni mzinifu kisha asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni viboko themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Hukumu hiyo tunaikuta katika sura ileile inayomtakasa Mama wa Waumini, Bibi Aisha, aliyezushiwa uongo kwa sababu alichelewa nyuma ya msafara. Wazushi hawakuwa na ushahidi wowote ila safari. Je, huo si ndio ushahidi uleule unaotumiwa leo dhidi ya binti wa Kitangari, kwamba amesafiri kwenda kikaoni?

Aidha tukumbuke kisa cha Bibi Khawla binti Thaalaba, aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumlalamikia mumewe. Malalamiko ya mwanamke mmoja yalisikiwa juu ya mbingu saba, na ikashuka sura inayoitwa kwa mabishano yake, na desturi ya kijahilia iliyomdhulumu ikafutwa. Hapo tunajifunza kwamba lalamiko la mwanamke ni jambo la sheria. Halihesabiwi kuwa umbea.

Jibu letu kwa mama wa Kitangari

Tunajua kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu aina za uongozi ambazo mwanamke anaweza kuzishika, na familia yenye shaka iwaulize wanazuoni wake. Lakini katika kumtukana, kumzushia na kumtisha mwanamke hakuna khitilafu kati yao. Ni haramu kwa wote. Anayedhani kwamba analinda dini kwa kumwita dada yake malaya ameivunja dini anayoilinda.

Kwa hiyo, mama yetu, kwanza tunakuomba umtenganishe binti yako na maneno ya watu. Ikiwa utamzuia, iwe ni kwa sababu mliyoiona ninyi wenyewe mkiwa mmekaa yeye, mumewe na wazee wa pande zote mbili: watoto, afya, au uwezo. Isiwe ni kwa sababu mzushi amesema. Ukimzuia kwa maneno ya mzushi, utakuwa umemfundisha kijiji kizima kwamba uzushi unafaa, na kesho utatumika kwa binti wa jirani.

Pili, akubali kugombea kwa mashauriano na radhi za mumewe, na mumewe awe wa kwanza kumtetea. Mume anayechekwa barazani akajibu kwa utulivu kwamba yeye na mkewe wameshauriana, amefunga midomo mingi kuliko polisi.

Tatu, andikeni tarehe, mahali na majina ya waliosikia. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, na ikibidi dawati la jinsia. Msiache jambo likawa la kunong'ona. Na imamu wa msikiti aombwe aitumie hotuba ya Ijumaa moja kuwakumbusha wanaume hukumu ya kumsingizia mwanamke.

Nne, watu wa Uwanda wa Makonde wasijidanganye kwamba mwanamke mwenye kauli ni jambo geni lililoletwa na mji. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Na kwa vizazi vingi ni mwanamke aliyeteremka genge alfajiri kutafuta maji bondeni, akapanda nayo kichwani. Anayejua bei ya ndoo ya maji kwa shingo yake mwenyewe ana la kusema katika kikao kinachojadili maji.

Bibi Titi hakuwa malaika. Alikuwa binadamu, mwenye maamuzi ambayo watu waliyapenda na mengine waliyakataa. Hatukumtaja ili kila binti awe kama yeye. Tumemtaja ili tujiulize sisi, wanaume na wanawake tuliokaa pembeni, tulikuwa wapi. Yeye aliingia katika siasa hakuna sheria ya kumkinga wala jirani wa kumtetea. Binti wa Kitangari anazo sheria. Jirani je, anaye?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi Mohamed na wote waliotangulia katika kheri, amhifadhi binti huyu na nyumba yake, na azitakase ndimi zetu na kila neno la dhulma. Amin. Wallahu aalam.